Neno la Mfiwa

Kinasa sauti kilikuwa kimenasa kikohozi, mlio wa kiti na mlango wa jirani ukifungwa. Neno, hakuna hata moja.

Mshauri alibadili mkao. Viatu vilikuwa vimembana tangu asubuhi, na huyu alikuwa mfiwa wake wa tatu siku hiyo. Wa kwanza alilia mpaka akatapika. Wa pili alimfukuza. Mama huyu mzee alikaa tu ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, akiitazama sakafu kama mtu aliyepiga deki akawa anasubiri ikauke.

Mezani, supu aliyowekewa ilikuwa imeganda mafuta juu.

"Hajatia kitu mdomoni tangu tutoke makaburini," mwanamume aliyemfungulia mlango alikuwa amemnong'oneza. Alimwita mama mdogo, kwa hiyo mshauri akamhesabu kuwa ni mtoto wa dada yake. "Wameishi humu wawili miaka yote hiyo, mimi niko mbali kikazi. Habari za marehemu anazo yeye peke yake. Akiondoka nazo, wanangu watabaki na picha tu. Na asipokula leo, kesho daktari anamlaza."

Alikuwa na macho mekundu, shati halijafungwa vifungo sawasawa. Baada ya kusema hayo alikwenda kukaa sebuleni peke yake.

Kazi za mshauri zilikuwa mbili kwa mshahara mmoja: kuwatuliza wafiwa, na kurekodi maisha ya waliowatangulia ili familia iwe na cha kusikiliza. Ofisini walifundishwa kanuni moja, isiyovunjwa: neno la mfiwa usilibadilishe. Akisema "mzee", nawe sema mzee. Akisema "yule bwana", nawe sema yule bwana, hata kama ni baba yake mzazi.

"Mama, niambie chochote kuhusu marehemu," alisema. "Hata kidogo."

Mshauri alikuwa ameshaanza kufikiria basi la kurudi nyumbani mama mzee alipofungua kinywa.

"Mwenzangu alikuwa na kisirani."

Mshauri akashusha pumzi. Wengi huanza na sifa. Aliwajua hawa wanaoanza na lawama. Ndio wanaoumia zaidi.

"Mwenzako alikuwa na kisirani cha namna gani?"

"Siku naletwa humu alinikagua juu mpaka chini. Hakunipa hata maji. Akaingia jikoni, akatoka na sufuria iliyotoboka, akaniambia, 'Yako hiyo.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikaziba tundu kwa unga, nikapikia. Kiburi na mimi ninacho." Alikohoa. "Mwaka mzima hatukusemezana. Akitaka chumvi, anamwambia paka. Na mimi namjibu paka."

Mshauri alibana kicheko. Nyumbani kwake hakukuwa hata na paka. Mume wake alizungumza na televisheni, na televisheni ndiyo iliyokuwa ikimjibu.

"Nini kikawapatanisha?"

"Mtoto wangu wa kwanza. Uchungu ulinishika mvua inamwagika, mkunga hapatikani. Mwenzangu akakunja mikono ya nguo, akampokea mwenyewe. Akamkata kitovu, akaniosha, akanipikia mwezi mzima. Sikugusa kijiko." Mama mzee alijifuta pua kwa ukingo wa khanga. "Baadaye akaniambia, 'Nilikuwa nakuombea ufe. Nisamehe.' Nikamwambia hata mimi nilikuwa nakuombea hivyo hivyo. Tukaacha."

Mshauri alisahau viatu. Siku aliyojifungua yeye, mume wake alizimia kwenye korido ya hospitali, wauguzi wakamwacha mzazi wakakimbilia kumpepea bwana.

"Uzeeni miguu yake ilikataa, nikahamishia kitanda chake humu. Usiku akishtuka ananiuliza, 'Upo?' Nasema nipo. Yeye analala, mimi nabaki nimetoa macho. Nilikuwa nachukia, mwanangu. Nilikuwa namwambia, nyamaza, niache nipumzike." Alinyoosha shuka kwa kiganja. "Sasa hakuna wa kuniuliza. Nalala hapa nangoja aniulize."

Akalia hatimaye, bila kujificha. Mshauri naye akalia, jambo ambalo ofisini walikatazwa. Hakuwa akilia kwa huruma peke yake. Alikuwa na wivu. Alikuwa amechoka kurudi kwenye nyumba ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza kama yupo, na huyu mama, na kilio chake chote, alikuwa amepata kitu ambacho yeye hakukionja hata siku moja.

Huenda ni uchovu, huenda ni wivu. Akaisahau kanuni.

"Ulipata mume mwema, mama," alisema. "Wengi wetu tutakufa hatujamwona wa namna hiyo."

Mama mzee aliinua uso. Akamtazama, mabega yakaanza kumtikisika. Mshauri akadhani kilio kimerudi, akanyoosha mkono amshike. Kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka mwanamume wa sebuleni akaja kusimama mlangoni, hajui afurahi au aite daktari.

Akiwa bado anacheka, mama mzee alivuta bakuli, akaengua mafuta kwa kijiko, akanywa mafunda mawili ya ile supu iliyopoa.

"Mume?" alisema, akijifuta mdomo. "Mume wetu tulimzika zamani, mwanangu, mimi na mwenzangu. Tukarudi humu, wala hakuna aliyemuuliza mwenziwe nani ahame."