Kitufe cha Shingoni

Jezi za siku hizi zina kitufe shingoni. Timu yako ikicheza kinawaka kijani, kinasikiliza unachoropoka. Atakayelaumiwa zaidi na mashabiki anafukuzwa kazi Jumatatu. Viongozi tu ndio hawaguswi, maana sheria wametunga wao.

Mimi ni shabiki wa Kimbunga, damu. Viongozi wetu wameuza straika, wakauza hadi pampu ya maji ya uwanjani. Jumamosi mpira ukadunda kwenye kipara cha nyasi, ukampita kipa wetu. Nikaruka kwenye kochi, kitufe kikiwaka shingoni: "Nyasi gani hizi? Anayezitunza afukuzwe, bwege huyo!"

Anayezitunza ni baba yangu. Miezi mitatu anamwagilia kwa ndoo, na mimi nilikuwa najua.

Jumatatu akarudi mchana, reki begani. Mimi nimevaa jezi, naangalia mechi yetu ya kiporo, ile iliyoahirishwa. Akakaa karibu yangu, akakiziba kitufe kwa kidole gumba.

"Wamenisikilizisha sauti za mashabiki," akasema polepole. "Moja wameirudia, ilipiga kelele kuliko zote. Wakaniuliza, mzee, huyu unamjua?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema simjui."

Akaondoa kidole. Kijani kikawaka tena.

"Haya, Kimbunga tunaongoza?" akauliza kwa sauti, kama mgeni.

Neno la kuomba msamaha lilikuwa mdomoni. Ningeweza kuivua ile jezi, nikalisema.

"Bado, baba," nikajibu. "Sifuri sifuri."