Shada la Nywele

Almeda alirudi kwao Nebraska baada ya miaka arobaini, akakata tiketi kama mgeni yeyote. Jumba lao sasa lilikuwa makumbusho ya walowezi wa kwanza.

Sebuleni, mwanamke anayetembeza wageni alionyesha shada lililosukwa kwa nywele za ukoo. “Huku pembeni ni walio hai. Katikati waliweka za marehemu.”

Katikati palikuwa na kishungi chekundu. Mama alikikata kwa mkono wake siku Almeda alipoondoka kwenda kuolewa na kibarua wao. “Niachie japo ukumbusho,” alisema.

“Huyo binti alikufa kwa homa, masikini,” yule mtembezaji aliendelea. “Kaburi lake liko hapo nyuma, mama yake alilipelekea maua kila Jumapili. Njoo ulione, bibi. Wageni hulipenda.”