Bandama la Paka

"Paka gani anamaliza bandama la ng'ombe kila siku?"

"Wewe kata. Mwenye paka mimi."

"Kwako nimefika, Lugendo. Paka sijamwona!" Shebe muuza nyama akapiga panga kwenye gogo. Wabeba mizigo wenzake waliokuwa wakinywa supu na chai wakacheka.

Lugendo hakucheka. Wiki iliyopita alianguka na gunia mbele yao, wakasema ni jua. Daktari alisema damu imepungua: ale maini au bandama, mboga za majani azikamulie ndimu, chai asinywe pamoja na chakula. Maini bei juu. Bandama, mtaa mzima wanawapa paka.

"Paka ni mimi," alisema.

Kicheko kikakatika.

"Damu imeniishia. Nitalila mpaka irudi, halafu tuone nani ananizidi kubeba. Kata, Shebe."

Shebe akakata pande kubwa, akalifunga kwenye gazeti. Mmoja wa waliocheka akasogeza kikombe chake.

"Chai hii, kaka."

"Baadaye. Nikishakula, na nikae kwanza."

Akageuka, akaondoka akipita katikati yao, gazeti likidondosha damu vumbini nyuma yake.