Swichi ya Hewani

"Fumba macho, mzee."

Mzee Wenceslaus akafumba. Ni fundi umeme; amefunga swichi katika nusu ya nyumba za mtaa wetu wa Nyamirambo, na kidole chake cha shahada kina sugu ngumu kama kisigino. Nikakivisha pete yangu ya plastiki, nyepesi kuliko kifungo cha shati. Ndani yake mota ya simu mbovu huvuta uzi unaobana kidole, kisha huuachia ghafla, kama swichi inavyokataa kabla haijakubali.

Niliitengeneza ili wanafunzi wa ufundi wazoee swichi bila kupigwa na umeme. Watu kumi na mmoja walikuwa wameshaijaribu, wote wakatabasamu na kusema ni nzuri. Nilishaichoka hiyo nzuri. Hapa Kigali mtu atakusifia hata chai isiyo na majani. Asubuhi ile nilijiapiza kwamba mzee naye akisema hivyo, naivunja pete na kurudi kutengeneza simu za watu.

"Sasa washa taa," nikamwambia, nikauinua mkono wake mahali pasipo na ukuta wala kitu chochote.

Kidole kikasukuma hewa. Kikasita, kikabishana na kitu, kisha kikazama.

Nikangoja tabasamu. Halikuja. Mzee alifumbua macho, akainua uso hadi kwenye balbu ya darini, akaikuta imezima. Akakunja uso.

"Mwanangu," akauliza, "umeme umekatika?"