Gemu la Watu Wawili

Mwanaheri aliikamata mashine ya gemu ya marehemu mumewe, kitufe chake kimelika kwa dole gumba la mwenyewe. Ndani mlikuwa na gemu alilolitengeneza marehemu kwa mikono yake, lisilofunguka mpaka mashine mbili zishikane kwa waifai. Ya pili ilikuwa mkekani. Zikagoma. Akarudia.

"Mwanangu, upo eda unacheza gemu? Tabata nzima itatusema!" mama mkwe alifoka mlangoni.

"Waache waseme, mama. Mie namalizia kazi ya mwanao."

Akarudia tena, na tena. Ghafla vioo vyote viwili vikawaka maneno yaleyale, aliyoyaacha marehemu: "Mama, leo usigombe. Njoo tucheze."

Mama mkwe aliyasoma mara mbili. Akavua kandambili, akaketi, akaishika ile ya pili.

"Nibonyeze wapi?"