Gari la Namba Kumi na Nne

Wiki ya tatu sasa, Göte Wallmark alikuwa akinywa kahawa yake ya asubuhi amekunja uso, na kahawa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa chini uani, kwenye maegesho, nafasi namba kumi na nne: gari jekundu la miaka thelathini na tano, ambalo kila likiwashwa saa moja asubuhi hutetemeka kama mtu mwenye homa kabla ya kujikokota kwenda kazini.

"Silinda moja inamisi, haichomi mafuta," alisema. "Au kuna mahali inavuta hewa."

"Si ushuke ukamwambie mwenyewe?" alisema mkewe, Majken.

"Hajaniomba."

Pale Avesta, mji mdogo wa Sweden, hilo ni jibu tosha. Katika jengo lao mtu huchungulia kwanza kwenye tundu la mlango; akiona jirani yuko kwenye ngazi, anasubiri apite ndipo atoke. Si chuki, ni adabu. Ndiyo maana kwa miaka sita Göte hakuwahi kuuona uso wa mtu wa namba kumi na nne. Kutoka ghorofa ya tatu, katika giza la asubuhi za baridi, aliijua kofia ya koti lake na mlio wa injini, basi.

Na mlio ule ulikuwa unamtafuna. Alikuwa fundi kwa miaka arobaini na mmoja. Tangu astaafu hakuna mtu aliyemuuliza lolote kuhusu gari, maana siku hizi inaulizwa kompyuta, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Alishaandika hadi kikaratasi cha kubandika kwenye chumba cha kufulia nguo, mahali ambapo wapangaji hugombana kwa maandishi. Majken alikichana.

"Atadhani unamtukana," alisema.

Jumamosi moja ya Februari, saa nne asubuhi, injini iliwaka, ikatetemeka, ikazimika. Ikawaka tena, ikazimika tena. Göte akakimbilia dirishani. Mtu mrefu mwenye kofia ya sufu alikuwa ameshuka na anapapasa ukingo wa boneti, huku na huku, mpaka ikafunguka.

"Majken, amefungua boneti," alisema Göte. "Boneti ikiwa wazi, hiyo ni sawa na kuambiwa karibu."

Alishuka na sanduku la zana na kipande cha mpira wa kumwagilia maua, na safari hii hakuchungulia tundu la mlango.

"Samahani kwa kukuingilia," alisema. "Mimi wa ghorofa ya tatu. Nilikuwa fundi."

Yule mtu alishtuka. Akamtazama Göte, akatazama madirisha ya jengo, halafu akalitazama sanduku la zana.

"Nina haraka kidogo, mzee."

"Sitakuchelewesha. Gari hili limeninyima raha wiki tatu nzima."

"Wiki tatu?"

"Najua, wewe ndiye umeumia zaidi. Hebu liwashe."

Mtu akaingia, magoti yakagota kwenye usukani. Akainama chini yake akahangaika na kitu kwa muda.

"Magari ya zamani yana mambo yake," alisema.

"Ndiyo utamu wake," alisema Göte, na hapo hapo akampenda.

Injini ikaunguruma kwa kigugumizi. Göte alichomoa waya za plagi moja moja na kuzirudisha. Kila alipochomoa, mtetemo ulizidi. Basi silinda zote nne zilikuwa zinafanya kazi. Akaweka ncha moja ya mpira wake sikioni, nyingine akaipitisha taratibu juu ya injini. Nyuma ya kabureta akasikia mluzi mwembamba. Kimpira cha hewa kilikuwa kimepasuka kwenye ncha. Akakibana kwa vidole, na injini ikatulia.

"Umesikia?"

"Imenyamaza," alisema yule mtu, na kwa mara ya kwanza akasahau kutazama madirisha.

Göte alikata ncha mbovu, akarudishia kimpira, akakikaza kwa kibano. Wakati huo Majken alikuwa ameshuka na vikombe viwili na mfuko wa mikate mitamu ya iliki. Göte akaweka kikombe kimoja juu ya injini inayonguruma. Kahawa haikutikisika.

"Nikupe nini, mzee?"

"Jina lako tu. Miaka sita tunaishi ukuta kwa ukuta."

Mtu akafikiri kidogo. "Ronny."

Ronny alikunywa kahawa amesimama, akaubeba mfuko wote wa mikate, akaushika mkono wa Göte na kuutikisa muda mrefu.

"Mzee, sijawahi kukutana na watu wema kama nyinyi," alisema, na alionekana kabisa kuwa hatanii. Gari likaondoka kimya kimya. Göte alibaki kwenye theluji mpaka masikio yake yalipolipoteza. Hakuwa amefurahi hivyo tangu siku aliyostaafu.

Walikuwa mezani mchana, Göte anasimulia habari za kile kimpira kwa mara ya tatu, kengele ya mlango ilipolia. Kwenye ngazi alisimama mwanamke mfupi mwenye ndara za ndani, uso umemwiva kwa aibu.

"Samahanini kwa kuwasumbua Jumamosi," alisema. "Naitwa Gunvor, wa namba kumi na nne. Wiki tatu nzima najikaza nije, moyo unakataa. Nasikia ulikuwa fundi. Kile kigari changu chekundu kinatetemeka vibaya kila nikikiwasha, sijui kama ungeweza kukiangalia? Hakuna haraka lakini. Kipo tu hapo chini."