Nusu Kijiko cha Asali

Chupa ya kwanza Abubakari aliimimina mchangani, nyuma ya choo. Ya pili pia. Alipofikia ya tisa, sisimizi walikuwa wameshapata habari.

Mama yake, Bi Mwanahalima, alikaa kizingitini na mkoba wake miguuni, akitazama. Hakumkataza. Ummy, mke wa Abubakari, alisimama mlangoni akiwa amempakata mtoto wao Hafidhi, na hakuweza kuinua macho.

Asali ile Utende nzima ilikuwa ikiijua. Bi Mwanahalima aliletewa kutoka mizinga ya kaka yake kijijini Kirongwe, akaichuja kwa kitambaa cheupe na kuiweka uvunguni. Aliyeungua alipakwa. Mwenye kifua alichanganyiwa na habasoda. Mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki taa, kidonda kikachimbika, alifungwa kitambaa chenye asali kila asubuhi mpaka nyama ikajaa. Ummy mwenyewe, mwaka alioolewa, alimwagikiwa na mafuta ya maandazi mkononi, na huyu mavyaa wake ndiye aliyemuuguza siku kumi na nane kama mwana wa kumzaa. Hata kovu halikubaki.

Lakini kliniki, nesi aliwaonya kina mama kwamba mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali, hata tone. Huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo changa haliviwezi. Ummy alirudi akayaeleza nyumbani. Bi Mwanahalima alisikiliza mpaka mwisho, akasema kumbe mtu huzeeka bado anajifunza.

Hafidhi alianza kukohoa akiwa na miezi mitano. Bi Mwanahalima alikuwa Kirongwe, kwenye matanga ya wifi yake. Aliporudi alikuta kikohozi kinaelekea kupungua. Wiki moja baadaye mtoto akakosa choo siku nne. Kilio chake kikawa chembamba, kope zikawa nzito, akashindwa kunyonya. Siku ya tano shingo ikalegea kabisa.

Hospitalini Kilindoni daktari alimchunguza, kisha akawageukia wote watatu. Aliuliza kama mtoto alipewa asali.

Abubakari alijibu upesi kwamba haiwezekani, nyumbani kwao kila mtu analijua katazo hilo. Daktari aliuliza tena, kwa upole zaidi. Hakuja kumlaumu mtu, alisema, anataka kujua amtibu nini. Hapo Abubakari akaapa kwamba kama yupo aliyempa, hatalala tena chini ya paa lake.

"Mimi," alisema Bi Mwanahalima. "Nusu kijiko, kwa ajili ya kikohozi."

Abubakari alimpa mama yake mgongo.

Hafidhi alipelekwa Dar, akalazwa akipumua kwa mashine. Ummy alikaa naye wiki sita. Waliporudi mtoto akiwa mzima, Abubakari alimwambia mama yake afungashe, kisha akaingia uvunguni kutoa chupa.

Baada ya hapo hakuna aliyempelekea tena Bi Mwanahalima kidonda. Habari zilifika Kirongwe kabla yake, na huko nako watu walimsalimia kwa adabu wakapita. Mikono iliyokuwa ikitafutwa tangu alfajiri ikabaki kubangua korosho.

Utende watu walimpa Ummy pole. Aliipokea kila pole akijisikia kuchomwa. Alijilaumu kwamba siku ile hakumtetea mama yule, hata kwa neno moja, na mkono aliouuguza mavyaa wake alikuwa nao pale pale, mzima. Chakula kilimshinda. Alipoulizwa, alisema ni uchovu wa kulea.

Siku moja bombani, jirani yao Biubwa alimwambia kuna jambo haliingii akilini. Alipompeleka mjukuu wake wa miezi minane, aliyekuwa akikohoa usiku kucha, Bi Mwanahalima alimrudisha, akamwambia asali ni mpaka mwaka utimie. Iweje basi ampe wa kwake?

Ummy alijitwisha ndoo. Alisema mjukuu wa mtu mwingine ni rahisi kumkatalia; wa damu yako akikohoa, akili hukuruka. Njia nzima alitembea maji yakimmwagikia mabegani, asisimame kuyaweka sawa.

Hafidhi akatimiza mwaka. Akasimama, akatembea. Siku alipovuka ua peke yake mpaka kwa baba yake, Abubakari alimnyanyua, akamwambia mkewe aende Kirongwe. Akamwambie mama kwamba amemsamehe, arudi nyumbani.

Ummy alipanda gari la asubuhi. Alimkuta Bi Mwanahalima uani kwa kaka yake, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho. Amekonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe huyo."

Alinawa kwanza, kwa sabuni, mara mbili. Kisha akampakata mjukuu wake, akamnusa utosini, akapitisha vidole viwili shingoni mwake taratibu mpaka akaridhika kwamba imesimama.

Ummy alitoa salamu za mumewe kama alivyotumwa. Abubakari amekusamehe, alisema, anataka urudi. Bi Mwanahalima alimshukuru Mungu, akauliza kama paa la jikoni lilizibwa.

Ummy alijibu kwamba lilizibwa. Halafu akapiga magoti mbele yake.

"Mama," alisema, "ulijuaje kuwa ni mimi?"

Mama mtu mzima alimfuta mtoto mate kidevuni.

"Daktari alipouliza, mumeo alimtazama daktari. Mimi nilikutazama wewe." Akamrudishia mwanawe. "Mke huachwa, mwanangu. Mama haachwi."